Edinbara kwa Penseli

Sura ya Sita

Kwa miaka saba Persis Nyamoita alikuwa ameiweka sentensi moja mdomoni kama mtu anayenyonya kokwa ya tunda, hataki kuitema wala kuimeza. Alilala nayo. Alichuma pareto nayo. Hata kanisani, wengine wakiomba mvua na watoto, yeye aliomba apate siku moja tu ya kuisema.

Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Walter, mchawi wenu amefika."

Na sasa, Ijumaa hiyo ya mwezi wa nane mwaka 1973, njia ilikuwa imefunguka. Fomu ilikuwa mbele yake juu ya meza yake ya ukarani, katika ghala la chama cha wakulima wa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu, pale juu Nyamira. Wafadhili wa kizungu wa vyama vya ushirika walikuwa wamechagua wanawake watatu kutoka nchi nzima wakatembee Ulaya wajifunze, na mmoja wao alikuwa yeye. Tiketi iliruhusu miji mitatu. Orodha ilikuwa na mitano. Fomu ilitakiwa iende na barua za Jumatatu.

"Hebu tuanze upya," alisema Ogari. "Karani mzima anashindwa kuchagua miji, na kila siku anachagua maua mazuri na mabovu?"

Ogari alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale chini ya mlima, mtu mrefu, mpole, chaki haikumtoka kwenye vidole hata siku za likizo. Alikuwa ameleta atlasi ya shule chini ya kwapa, bila kumuuliza mwalimu mkuu. Aliifungua juu ya gunia la pareto kavu, akatoa punje tatu za maharagwe mfukoni.

"London haina ubishi, ndege inatua hapo." Akaweka punje ya kwanza. "Bado mbili. Roma?"

"Roma ni kwa Wakatoliki. Mke wa pasta ataniuliza nilikwenda kumwona nani."

"Zuriki?"

"Kuna nini?"

"Milima na saa."

"Milima ninayo. Saa ya nini na jogoo yuko?"

Ogari alicheka mpaka vumbi la pareto likamwingia puani, akapiga chafya mara tatu. Persis naye akacheka. Ilikuwa hivyo wakiwa wawili, kicheko hakikuwa mbali. Kwa mwaka mzima mwalimu huyu alikuwa anapita ghalani kila jioni akitoka kazini, akijifanya anauliza bei ya pareto, na nyumbani kwao hapakuwa na shina hata moja la pareto.

"Basi Kopenhageni," alisema, akaweka punje ya pili. "Watu wa huko ushirika wameuanza zamani. Utaona wanavyouza maziwa, urudi utufundishe. Lakini baridi ya huko si mchezo. Nitakutafutia lile koti la jeshi la baba, alilorudi nalo kutoka vita vya Habeshi."

Persis aliacha kucheka. "Baba yako anipe mimi koti? Mzee Zachariah akiniona njiani anahama upande wa pili."

"Nitaliiba."

"Utamwibia mzee wa kanisa?"

"Nitaliazima bila kumwambia. Huo si wizi, ni haraka."

Lakini wote wawili walijua jambo hilo halikuwa la mzaha. Baada ya mavuno ya wimbi, Mzee Zachariah alikuwa amemtuma esigani, ndiye mshenga, aende kimyakimya akachunguze ukoo wa Persis, kama desturi inavyotaka kabla ya ng'ombe kutajwa. Esigani haulizi mlangoni kwa mtu. Anauliza kwa majirani, kwa maneno ya kuzunguka, na jibu analeta kwa aliyemtuma tu. Thadeus, huyo esigani, alirudi na kauli moja: "Njia ile ina matope." Hapo hakuna kuuliza matope gani. Kila mtu anajua. Nyumba ile kuna wachawi.

Matope yale yale. Miaka saba iliyopita yalimwagwa mara ya kwanza, Walter alipotaka kumwoa.

Ogari alishika punje ya tatu katikati ya vidole viwili. "Na hii?"

Persis aliinamia fomu. Ogari akaangalia fomu, akaona. Nafasi ya tatu ilikuwa imeshaandikwa kwa penseli, maandishi mepesi, yamefutwa na kuandikwa tena na kufutwa tena hadi karatasi ikachakaa. *Edinbara.*

"Ahaa," alisema polepole. "Ndiko aliko."

"Ndiko aliko."

"Unakwenda kumwona."

"Nakwenda yeye anione. Kuna tofauti."

"Ukishafika utafanyaje?"

"Nitasimama mlangoni kwake. Atoke na mke wake mzungu. Nitamwambia kwa lugha yetu, mbele ya huyo mke asiyeelewa kitu, kwamba mchawi wenu amefika. Nimelipa nauli kwa ungo, nimetua juu ya paa lenu. Nataka nimwone rangi ya uso, Ogari. Basi. Nikishaiona nitarudi."

"Persis."

"Usiniambie Persis! Wewe hukuwepo. Siku anaondoka nilisimama barabarani alfajiri na mkungu mdogo wa ndizi za kuiva, ale njiani mpaka Nairobi. Basi likapita polepole, kwenye kona. Aliniona. Macho kwa macho. Akafunga dirisha." Sauti yake ilikatika. "Hakuniuliza hata swali moja. Angeniuliza tu: ni kweli? Akafunga dirisha."

Ogari alikaa juu ya gunia. Alipoongea, uchokozi ulikuwa umemwisha.

"Na mimi niko wapi kwenye safari hiyo? Mwaka mzima nabishana na baba kwa ajili yako. Nimemwambia kama nyumba ile ina wachawi basi mimi nimeshalogwa, aniache nilogwe kwa amani. Na wewe utavuka bahari kwenda kugonga mlango wa mtu aliyekufungia dirisha?"

"Si mapenzi yananipeleka."

"Hasira ya miaka saba ni ya nani kama si ya mtu unayempenda?"

Neno hilo lilimchoma, akarudisha la kwake. "Basi chukua maharagwe yako ukapike."

Ogari alisimama. Alikusanya punje zake moja moja, London, Kopenhageni, akafunga atlasi. Mlangoni aligeuka. Macho yake yalikuwa na unyevu, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Koti ningeliiba liende Kopenhageni. Hata kwenye ncha ya dunia ningeliiba. Lakini Edinbara haliendi."

Akaondoka. Persis alimsikiliza mpaka viatu vyake vikapotea kwenye changarawe, na kifua chake kikamuuma mahali ambapo Walter hakuwahi kufika. Hakumwita. Kiburi cha mtu aliyeonewa ni kizito kuliko cha tajiri.

* * *

Jua lilikuwa limeegemea alipoona kivuli mlangoni. Alidhani Ogari amerudi, moyo ukaruka. Kumbe ni mwanamke mzee, kitambaa cheupe kichwani, furushi mikononi.

Alikuwa Bosibori, mama yake Walter.

"Bwakire, mosubati," mzee alisalimu. Salamu ya asubuhi kwa mwanamke, na ilikuwa saa kumi jioni. Alikuwa ameibeba tangu nyumbani na njiani hakukumbuka kuibadilisha.

Persis hakuitikia.

"Nimesikia unakwenda Ulaya."

"Masikio yako mazima, Mong'ina," Persis alisema, akimwita kwa heshima ya bibi mzee.

"Nimesikia na Edinbara imo." Mzee alimeza mate. "Mtoto hajaandika. Huu mwaka wa nne. Barua ya mwisho ilikuwa na picha, yeye na mwanamke mzungu na mbwa. Mbwa nimemwona vizuri. Mwanamke picha imemkata kichwa. Hata sijui mkaza mwanangu anafananaje."

Siku nyingine Persis angecheka. Leo alitulia, mikono juu ya meza, akionja kila neno. Miaka saba! Aliomba siku moja ya kumwona Walter amebadilika rangi, na Mungu alikuwa amemletea mama mtu, kwa miguu yake mwenyewe, na vumbi hadi magotini.

"Nimesaga wimbi," Bosibori alisema. Aliinyoosha mikono yote miwili na furushi juu yake, kama inavyopasa kumpa mtu kitu. "Alikuwa hali ugali mwingine. Mpelekee tu. Umwambie mama anauliza kama yuko hai."

"Weka chini."

"Nini?"

"Liweke chini. Pale juu ya jiwe la mlangoni. Usinipe mkononi."

Mzee alibaki ameinyoosha mikono. Kisha akaelewa.

"Unakumbuka jiwe, Mong'ina? Mama yangu Gesare alipokuja kwako sokoni kununua chumvi. Baada ya yale maneno hukumpa tena mkononi. Uliiweka juu ya jiwe, ukarudi nyuma, ukamwambia achukue. Na wengine sokoni wakaiga. Miaka minne mama aliokota chumvi kwenye mawe kama kuku. Amekufa hakuna jirani aliyemshika mkono. Weka chini."

Bosibori aliliweka furushi juu ya jiwe. Alipoinuka alionekana mfupi kuliko alivyoingia.

"Sasa nisikilize," Persis alisema. Alishangaa sauti yake ilivyokuwa ya upole. "Mwezi wa sita Thadeus alipita kwako kuuliza habari zetu. Ulimwambia nini?"

Bosibori alilitazama furushi pale juu ya jiwe.

"Ulimwambia yale yale. Hukuridhika na Walter, ukaninyima na Ogari. Unga wako nitaupeleka, nitaukabidhi mkononi mwa mwanao. Lakini kesho ni Sabato. Wakati wa shuhuda utasimama mbele ya kanisa, useme ulichosema na kama ni kweli."

"Maneno ya esigani hayasemwi hadharani!"

"Ndiyo maana yameua mtu. Kilichosemwa gizani hakina wa kukijibu."

"Mimi ni mtu mzima, Persis. Nina mvi."

"Mama alikuwa nazo pia."

"Na nikikataa?"

Persis alichukua penseli, akaichonga taratibu kwa wembe. "Edinbara nitakwenda hata hivyo. Walter ataniuliza habari za nyumbani. Mwanamume hata akimsahau kila mtu, atauliza habari za mama. Nitamwambia: mtu wa jina hilo simjui. Kama yuko hai, kama amezikwa, mimi sijasikia."

Mzee alijifunga upya kitambaa chake cha kichwani. "Wewe una roho mbaya."

"Nimeipata kwako. Kwetu haikuwepo."

Bosibori akageuka, akashuka mlima bila kuaga. Furushi lilibaki juu ya jiwe, na Persis hakuligusa. Jua lilipotua na Sabato kuingia, alilikuta bado lipo, akafunga mlango na kulipita.

* * *

Kanisa lilijaa siku hiyo. Mzee Zachariah alikaa mbele upande wa wanaume, Thadeus karibu naye, na Ogari nyuma kabisa, macho kwenye dirisha. Hakumwangalia Persis hata mara moja. Persis naye hakumwangalia, ila alijua kila alipojigeuza, kama mtu anavyojua moto uko upande gani wa nyumba.

Shuhuda zikaanza. Mmoja alishukuru kwa ng'ombe aliyepona. Mwingine kwa mtoto kupita mtihani. Kiongozi alikuwa anafunga kitabu Bosibori aliposimama. Furushi lilikuwa mikononi mwake. Alikuwa amepitia ghalani alfajiri kulichukua.

"Nina neno," alisema. "Si la shukrani."

Watu wakageuka.

"Mwaka ule mwanangu alipotaka kumchukua binti wa Gesare, esigani wetu alikuwa ndugu yangu Machogu, ambaye amelala. Alizunguka ukoo wote ule, akarudi, akaniambia: dada, nyumba ile ni safi, mpeleke ng'ombe. Mimi nikatoka nje nikasema amesema ni chafu. Kwa kuwa mimi ni dada yake, alinyamaza mpaka kaburini."

Kanisa likavuta pumzi moja. Thadeus akainamisha kichwa.

"Na huyu Thadeus aliponijia mwezi wa sita, nikamwambia tena. Uongo ukishaulea miaka saba, unaona aibu kuufukuza."

"Kwa nini, mama?" aliuliza kiongozi kwa sauti ndogo.

Bosibori alitafuta hewa. "Mwanangu alikuwa amepata nafasi ya kusoma Ulaya. Nikasema akioa hapa, moyo utakuwa umefungwa kamba hapa, masomo yatamshinda, atarudi kabla ya wakati. Nikaikata kamba." Alitazama mikono yake. "Sasa amemaliza masomo. Na hakuna kamba ya kumvuta arudi. Niliikata mwenyewe."

Hakulia. Ingekuwa rahisi kama angelia. Alitembea katikati ya kanisa, viatu vyake vikilia kwenye sakafu, mpaka kwenye benchi la Persis. Akanyoosha mikono miwili, furushi juu yake, na kusubiri kuambiwa aliweke chini.

Persis alimwacha asubiri. Nasema kweli, alimwacha. Alihesabu moyoni mwake: moja kwa ajili ya chumvi, moja kwa ajili ya dirisha, moja kwa ajili ya mama aliyezikwa bila kushikwa mkono. Utamu aliouota miaka saba ulikuja, ukapita ulimini, ukaisha upesi kuliko alivyodhani. Mbele yake palikuwa na mikono ya mzee imejaa nyufa, na unga uliosagwa kwa jiwe, si kwa mashine.

Akasimama. Akalipokea furushi mkononi.

"Sijakusamehe, Mong'ina," alisema, na kanisa zima likasikia. "Lakini nilikuahidi. Utafika."

* * *

Jumapili asubuhi aliandika kwa wino. London. Kopenhageni. Kwenye nafasi ya tatu aliifuta penseli mara ya mwisho, akaandika *Edinbara*, na pembeni: *siku moja tu.*

Alikuwa anakausha wino kwa pumzi aliposikia viatu kwenye changarawe. Safari hii havikuwa vya mzee.

Ogari alisimama mlangoni. Juu ya mkono wake palikuwa na koti zito la rangi ya udongo, vifungo vitano vya shaba vimesuguliwa vikang'aa.

"Umeliiba?" Persis aliuliza.

"Baba amenipa. Jana usiku hakulala, alikaa akisugua vifungo. Leo ameniambia, mpelekee mke wako, asije akaganda huko tukalaumiwa." Alikohoa. "Nimemwambia bado si mke wangu. Akasema, basi ni uzembe wako, si wa esigani."

Persis alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akamsogezea fomu. "Soma kwanza. Usije ukasema sikukwambia."

Ogari alisoma. Alipofika mstari wa tatu, akauma meno. Ghala likawa kimya, hata nzi hawakuwepo; pareto iliwamaliza zamani.

"Niliahidi mbele ya kanisa," Persis alisema. "Nitamkabidhi unga. Nitamwambia mama yake alisimama mbele ya watu na alisema nini. Kamba ilikatwa na mama, lakini dirisha alilifunga yeye. Nataka ajue alilifunga kwa ajili ya uongo ambao swali moja lingeumaliza. Akae nalo hilo, na mbwa wake."

"Na ile sentensi ya mchawi?"

Persis aliitafuta mdomoni. Ajabu, haikuwepo. "Nimeisahau," alisema.

Ogari alimtazama machoni, kwa muda ambao mtu huchukua kusoma barua mara mbili. Kisha akalikunjua koti, akamzungukia, akamvika begani. Lilikuwa kubwa. Lilinuka moshi na sabuni. Mikono ilimeza vidole vyake vyote.

"Kopenhageni," alisema Ogari, akimfunga kifungo cha kwanza.

"Na Edinbara?"

Akafunga cha pili, cha tatu, cha nne. Vidole vyake vya chaki vilitulia shingoni mwake, kwenye kile cha mwisho.

"Hasa Edinbara. Usilivue hata wakikuwashia moto. Akikufungulia mlango akuone ndani ya koti la mwanamume mwingine, limefungwa mpaka juu."

"Nimwambie limetoka kwa nani?"

"Usimwambie." Ogari akakibana kifungo cha tano. "Mwache safari hii aulize mwenyewe."